Shajara ya karakana, Mji wa Kale: vifaa kwanza, mlango baadaye

Kazi: mlango mmoja wa nakshi wa pande mbili na madirisha sita ya nyumba ya matumbawe, Mji wa Kale, Mombasa. Karakana ni stoo ya chini ya nyumba hiyo hiyo, mita 3 kwa 4.5, yenye dirisha moja linaloangalia uchochoro. Mwanzo ni Juni, masika yanamalizikia na kusi imeshika. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo idhini huombwa kabla mlango wa mbele haujaguswa. Wakati karatasi zinasubiriwa, vifaa vinaingia. Shajara inaviandika kwa mfuatano ulioingia, maana mfuatano wenyewe ndio uliookoa pesa.

Juni, siku ya 1 hadi 3: umeme, mwanga, sakafu

Soketi ya stoo ilipofunguliwa, waya wa ardhi haukuwemo. Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo, na ukuta wa matumbawe ulionyonya maji ya mvua si wa kuegemewa na mtu aliyeshika mashine ya chuma. Umevutwa waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye bodi, pamoja na breka ya ampea 20 na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Soketi mbili pacha zimewekwa sentimita 110 kutoka sakafuni, juu ya usawa wa benchi, ili nyaya zisilale kwenye maranda na maji.

Waya wa kuongezea: mita 15, unene 2.5 vilevile. Ule mwembamba wa 0.75 wa taa na feni usikaribie mashine. Mashine ya wati 2000 huvuta zaidi ya ampea 8 kwenye volti 240. Waya mwembamba hupata joto, volti hushuka, na mota huanza kukokota mzigo ambao ingeubeba bila taabu. Waya wa kigurudumu ufunguliwe wote hata kama kazi iko mita mbili tu. Uliobaki umejizungusha haupati pa kupoa, na plastiki yake huyeyuka kwa ndani kabla hujasikia harufu.

Mwanga: taa mbili ndefu za LED darini, na moja ya kubana inayohamishika. Hii ya tatu ina thamani kuliko hizo mbili. Ikimulika kwa ulalo kutoka pembeni, kila mkwaruzo na kila tundu la dumuzi kwenye nakshi huonekana. Taa ya juu huyaficha yote.

Sakafu ina unyevu. Chochote kinachogusa chini kimewekewa kipande cha tairi kuukuu.

Siku ya 5: kabati kavu

Kifaa cha kwanza kununuliwa hakikuwa cha kukata wala kugonga. Ni kabati, tena la kuokoteza: la mbao, milango yake imezibwa kwa ukanda wa mpira, ndani kuna balbu ya zamani ya wati 25 ya waya unaowaka. LED haifai hapa kwa sababu haitoi joto la kutosha. Balbu imefungiwa ndani ya wavu wa chuma, sentimita 15 kutoka kwenye mbao yoyote, na juu na chini ya kabati kuna matundu mawili ya ukubwa wa shilingi.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto hadi nyuzi 33 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Hapo kutu hupunguza kasi sana. Balbu ikiwaka mchana na usiku hula uniti 0.6 kwa siku, bei ndogo ukilinganisha na randa iliyooza.

Lakini joto peke yake halitoshi, kwa sababu adui wa Mombasa ni chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75. Chumvi ya bahari ina pia magnesi kloridi, ambayo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu kuliko siku yoyote utakayoipata kisiwani. Ndiyo maana patasi iliyoshikwa kwa mkono wenye jasho, au iliyoachwa dirishani kusi ikivuma, huota kutu yenye umbo la vidole ndani ya usiku mmoja. Utaratibu wa kila jioni kwa hiyo una hatua tatu: futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani. Anayeruka hatua ya kwanza anapaka mafuta juu ya chumvi, na kutu itaendelea chini yake kimyakimya.

Kwa vifaa vinavyogusa mbao, mafuta hayafai kwenye sehemu ya kazi, maana yanaingia kwenye mbao na gundi haishiki. Tumbo la randa na ubapa wa msumeno vinapakwa nta ya nyuki au nta ya mshumaa, kisha vinasuguliwa hadi vionekane vikavu.

Siku ya 8: kuondoa kutu kwa magadi

Vifaa vingi vilivyoingia ni vya mtumba: randa mbili, patasi saba, jiriwa (kibano cha kufungwa benchini), koleo. Chuma cha zamani kizuri kilichoshika kutu ni bora kuliko kipya cha bei rahisi kinachong'aa. Jiriwa lilikuwa limeganda kabisa.

Ndoo ya plastiki ya lita 20. Maji lita 15, magadi vijiko vitatu vya kulia chakula, koroga hadi yayeyuke. Chaja ya betri ya gari ya volti 12: upande hasi unashika kifaa chenye kutu, upande chanya unashika kipande cha nondo au bati la chuma cha kawaida. Vipande hivyo viwili visigusane ndani ya maji. Mapovu madogo yakianza kutoka kwenye kifaa, kazi inaendelea. Saa 6 kwa patasi, usiku mzima kwa jiriwa. Kutu hugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi.

Mambo matatu ya kuangalia. Usitumie chumvi badala ya magadi, kwa maana itatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye upande chanya, maana maji yatabaki na kromiamu yenye sumu. Na mapovu ni haidrojeni, kwa hiyo ndoo ikae uani, si karibu na jiko wala sigara, na chaja izimwe kabla ya kugusa vibano. Chuma kikitoka ndani ya maji huanza kushika kutu upya kabla ya chai kupoa: suuza, kausha kwa moto mdogo au juani, paka mafuta papo hapo.

Vipini vya mbao vitolewe kwanza. Shaba isiingie kabisa kwenye ndoo hii.

Siku ya 11: kunoa

Hapa ndipo karakana nyingi za nyumbani zinapofeli. Mtu hununua mashine tatu, na patasi zake hazikati embe.

Kioo bapa cha milimita 10, sentimita 20 kwa 40, kimelazwa juu ya ubao ulionyooka. Msasa wa maji umebandikwa kwa matone ya maji: namba 220 kwa patasi iliyoliwa, kisha 400, 1000, 2000. Mwisho ni ngozi ya mkanda iliyogundishwa ubaoni na kupakwa dawa ya kung'arishia. Mawe ya kunolea ni mazuri na yanadumu zaidi, lakini huchimbika katikati yasiposawazishwa, na jiwe lenye shimo hutoa patasi yenye tumbo. Kioo hakichimbiki.

Anza na mgongo wa patasi. Sentimita 3 za mwisho ziwe bapa na zing'ae kama kioo cha kujitazamia. Mgongo ambao hauko bapa hautoi ncha hata ukinoa upande wa pili hadi kesho. Kisha ulalo: nyuzi 25 kwanza, halafu ukanda mwembamba wa nyuzi 30 kwenye ncha. Kwenye kishikizi cha kawaida chenye kigurudumu, kile kinachobana patasi kutoka pembeni, ncha ikitokeza milimita 40 hupata nyuzi 25, na milimita 30 hupata nyuzi 30. Vipimo hivi viwili vimechorwa kwenye kipande cha mbao na kupigiwa vijiti, ili visitafutwe kila mara.

Mvule ni hadithi nyingine. Ndani yake hukaa vijiwe vya chokaa ambavyo havionekani hadi ncha imevunjika, na mlango huu una miimo ya mvule. Kwa hiyo patasi mbili za milimita 12 na 25 zimenolewa nyuzi 35, zinakata kwa shida kidogo lakini hazipukutiki. Msaji nao una mchanga mchanga ndani na hutia butu polepole. Noa kila baada ya dakika 20 za kazi, usingoje hadi mbao ichanike.

Patasi zilizobaki: 6, 10, 18 na 32. Za nakshi ni tatu tu za mviringo, hutosha kwa kuunga viraka. Anayetaka kuchonga mlango mpya atahitaji nyingi zaidi, lakini hiyo ni kazi nyingine.

Siku ya 13: benchi

Urefu milimita 850, usawa wa kifundo cha mkono pale unapokunjana na kiganja, mtu akisimama wima. Miguu ya mbao za inchi 4 kwa 4, juu mbao mbili za inchi 2 kwa 10. Uzito ndio sifa ya kwanza ya benchi. Likicheza, nguvu ya randa inaenda sakafuni. Rafu ya chini imepakiwa mawe ya matumbawe yaliyobaki uani. Bei yake ni mgongo tu.

Jiriwa limefungwa kwenye kona ya kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, na meno yake yamevikwa mbao laini.

Siku ya 17: klampu, yaani vibano vya kukazia mbao

Hazitoshi. Hazitoshi kamwe, lakini kuna idadi ambayo chini yake kazi haianzi. Upande mmoja wa mlango huu ni upana wa milimita 620 na kimo cha 2,150. Klampu ndefu nne ndizo za chini kabisa: mbili juu ya ubao, mbili chini yake, kwa kupishana. Zote zikiwa upande mmoja, ubao hujikunja kama tanga.

Zimenunuliwa mbili za chuma za mita 1. Mbili nyingine zimetengenezwa: ubao wa inchi 2 kwa 4, kishikio kimoja kimepigwa kwa bolti mwisho wake, kingine upande wa pili, na katikati kabari mbili zinazokabiliana zinagongwa kwa nyundo ya mbao. Nguvu ya kabari ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo usigonge hadi gundi yote ikamwagika. Kiungo kikavu huachia. Kwa fremu za madirisha, kamba ya mkonge inayozungushwa mara mbili na kukazwa kwa kijiti inatosha na inavuta kona zote nne kwa pamoja. Pembeni, nane ndogo za umbo la G, inchi 4.

Kabla ya gundi, bana kwanza bila gundi. Pima ulalo kutoka kona hadi kona, huku na huku. Tofauti ikizidi milimita 2, mlango umekaa mshazari.

Siku ya 20: nyundo, misumeno na vinginevyo

Kwa ufupi. Nyundo ya mbao ya patasi. Nyundo ya chuma ya gramu 450. Mtaimbo mfupi bapa. Msumeno wa meno 8 kwa inchi kwa kukata, na wa mgongo wa meno 12 kwa ndimi za viungo. Pima maji ya sentimita 60 na timazi. Kwenye ukuta wa nyumba hizi timazi ndiyo inayosema kweli, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka wa kuegemeza pima maji. Kipimo cha unyevu wa mbao chenye miiba miwili. Hiki watu hukiona anasa. Mbao iliyokaushwa kwa tanuri bara hufika ikiwa na asilimia 10 au 12. Hapa itapanda yenyewe hadi karibu 15. Ukiiunga siku ilipofika, itavimba ndani ya fremu na mlango hautafunga. Mbao za viraka zimepangwa kwa vijiti vya milimita 20, umbali wa sentimita 45, na ncha zake zimepakwa rangi ili zisipasuke.

Lori haliingii kwenye ndia hizi. Mbao zililetwa kwa mkokoteni, kwa hiyo ziagizwe zimekatwa mita 2.4, si zaidi.

Siku ya 26: kung'oa na kufungua

Idhini imepatikana. Milango ya aina hii haina bawaba. Kila upande una ncha mbili za mbao zinazochezea ndani ya vishimo vya kizingiti cha juu na cha chini. Maji hutuama kwenye kishimo cha chini, na hapo ndipo uozo ulipoanza: milimita 140 za mwisho za upande wa kulia zinabonyea kwa kidole.

Kila kipande kilipigwa picha na kuwekewa alama kwa patasi sehemu isiyoonekana, si kwa chaki, maana chaki hufutika. Misumari ya zamani haivutwi. Ubapa wa msumeno wa chuma hupitishwa katikati ya mbao mbili na msumari hukatwa, kisha mabaki hutolewa kwa pini ya kusukumia. Mfaa, yaani mwimo wa katikati ya pande mbili, ulitoka mzima.

Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu wala kusuguliwa kwa mashine. Tabaka za chini za nyumba kongwe zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huishia kwa watoto wanaocheza uchochoroni. Lowesha, kwangua, kusanya kwenye turubai, funga ndani ya mfuko.

Siku ya 31: gundi

Uozo umekatwa hadi mbao nzima, kiraka kimeungwa kwa mlalo wa 1 kwa 8: kwa unene wa milimita 45, mlalo ni milimita 360. Mlalo mfupi zaidi ni kiungo cha kubembeleza.

Epoksi ya sehemu mbili. Uwiano usomwe kwenye kopo na upimwe kwa mizani ya jikoni ikiwa umeandikwa kwa uzito, kwa bomba la sindano ikiwa kwa ujazo. Viwili hivyo havibadilishani. Kwenye nyuzi 30 gundi ya kikombe cha gramu 100 inaweza kufuka moshi mkononi. Changanya gramu 40 tu kwa mara, kisha imwage kwenye sahani bapa ipoe. Msaji na mvule vina mafuta: futa uso kwa asetoni, ngoja ikauke, gundisha ndani ya dakika 15. Gundi nyeupe ya useremala imebaki kwa madirisha ya ndani, na kwa joto hili inaanza kushika kabla ya klampu ya tatu, kwa hiyo klampu ziwe zimeshafunguliwa kwa kipimo.

Kosa lililoonekana: kiungo cha kwanza kilikazwa kupita kiasi, kikavu katikati. Kimekatwa na kurudiwa.

Skrubu ni za shaba. Zile za kupakwa zinki hazimalizi misimu miwili karibu na bahari. Shaba ni laini na hukatika kichwa: toboa tundu la milimita 3 kwa skrubu namba 8, ingiza kwanza ya chuma ya ukubwa huo huo ili itengeneze njia, itoe, kisha ya shaba iliyopakwa nta.

Siku ya 36: mashine

Ndiyo, sasa. Drili, msasa wa umeme wa kuzunguka wenye mfuko wa vumbi, na grainda ndogo ya milimita 115. Diski kubwa ya 230 isifungwe kamwe kwenye grainda ndogo iliyoondolewa kinga: diski hiyo imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka 11,000. Hupasuka, na vipande vyake havichagui. Soma pia tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pete ya katikati, na diski zikae kwenye kabati kavu, maana unyevu hudhoofisha gundi yake.

Vumbi la mvule huleta upele na kubana kifua. Barakoa ya FFP2, si leso. Nakshi haiguswi na mashine yoyote.

Siku ya 40: chokaa ya kuzunguka fremu

Mwiko mdogo, karai, ungo wa milimita 3, ndoo mbili, brashi ya kulowesha, magunia. Chokaa 1 kwa mchanga 3, chokaa ya mfuko ikilowekwa siku nzima kabla. Mchanga wa pwani hautumiki. Hata uliooshwa hubaki na chumvi. Saruji nayo haitumiki: hufungia maji ndani ya matumbawe, chumvi inakauka nyuma yake na kuusukuma ukuta utoke kwa vipande. Lowesha ukuta kwanza, jaza kwa tabaka za milimita 10, funika kwa gunia bichi siku 7. Miwani ni lazima. Chokaa ikiingia jichoni, maji safi mfululizo kwa dakika 20, kisha hospitali.

Agosti, siku ya 52

Upande wa kushoto unasoma unyevu wa asilimia 15, wa kulia kwenye kiraka 17. Mafuta ya kitani hayapakwi hadi vyote viwe 15 au chini. Matambara ya mafuta hayo hutandazwa moja moja kwenye kamba uani au kuzamishwa majini. Yakirundikwa hushika moto yenyewe. Nyufa za mwisho zinasubiri. Mafuta chakavu ya injini yaliyopendekezwa dhidi ya mchwa yamekataliwa: hakuna gundi wala vanishi itakayoshika juu yake tena. Badala yake ni boraksi kwenye sehemu za ndani zisizofikiwa na mvua.

Bado kununua: klampu ndefu mbili, balbu ya akiba ya kabati.